Aibu ya aliyetapeliwa ni ngao ya tapeli



Mwaka jana nilitapeliwa. Leo naiandika sentensi hiyo kwa wepesi, lakini ilinichukua miezi kadhaa kuweza kuitamka mbele ya mtu mwingine. Kwaya ya kigango chetu kimoja ilikuwa imechanga fedha za kununua spika mbili na mikisa. Mimi nikajitolea kuwatafutia, kwa sababu nilikuwa na simu nzuri kuliko zao na, nadhani, kwa sababu nilijiona mjanja kuliko wao. Nikakuta ukurasa mtandaoni wenye picha safi, wafuasi wengi na bei nafuu kidogo kuliko ya dukani. Muuzaji alisema duka liko Kariakoo. Alikuwa na adabu. Alipojua mimi ni padri, akaanza kuniita Baba. Nikatuma shilingi 680,000. Akanitumia picha ya boksi lililofungwa vizuri, jina langu limeandikwa juu yake kwa kalamu nene, na picha ya stakabadhi ya basi.

Usiku wa siku ya pili nilikwenda stendi. Kijana wa ofisi ya mizigo aliipokea simu yangu, akaikuza ile picha, akaniangalia, kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, hii stakabadhi siyo yetu. Na wewe ni wa tatu mwezi huu." Nikampigia muuzaji. Namba yangu ilikuwa imeshazuiwa.

Nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikafidia fedha za kwaya kutoka mfukoni mwangu, nikawaambia wanakwaya kwamba mzigo umechelewa, na baada ya wiki tatu nikanunua vyombo vingine. Huo wa mzigo kuchelewa ulikuwa uongo. Niliusema ili nisionekane mjinga. Sikumwambia paroko msaidizi, wala katekista, wala polisi. Nikajiambia kwamba nimesamehe. Kumbe sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nimeficha tu.

Miezi mitatu baadaye, baada ya Misa ya asubuhi, alinifuata mama mmoja wa parokia yetu, mjane, fundi cherehani. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chao ili anunue mashine ya overloki, kwa kuwa msimu wa nguo za Komunyo ya Kwanza ulikuwa unakaribia. Akanipa simu yake. "Baba, naomba unisomee hii risiti. Labda mimi ndiye sielewi." Nikaiangalia. Boksi lililofungwa vizuri. Jina lake kwa kalamu nene. Ukurasa ulikuwa na jina jingine, lakini namba ya simu ilikuwa ileile. Alikuwa ametuma shilingi 540,000.

Namba ile ilikuwa imeendelea kufanya kazi kwa miezi mitatu. Mimi niliijua, na niliinyamazia.

Efa ndogo, shekeli kubwa

Masomo ya leo, Dominika ya 25 ya Mwaka C, yanaanza na nabii Amosi, sura ya 8. Amosi anawasema wafanyabiashara wa Israeli wanaongoja sabato ipite ili wafungue maghala. Wanapunguza efa, yaani kipimo cha nafaka. Wanaongeza shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha. Wanachezea mizani. Na mwisho wanachanganya makapi na kuyauza kama ngano. Tazama kwamba nabii hasemi kwa jumla kuwa watu hawa ni wabaya. Anaeleza mbinu zao moja baada ya nyingine, kama mtu aliyesimama sokoni siku nzima akitazama. Kisha anasema Bwana ameapa kwamba hatayasahau matendo yao hata moja.

Nami leo naomba nimwige Amosi katika jambo hilo moja la kueleza mbinu, kwa sababu dhambi isiyoelezwa inaendelea kufanya kazi.

Tapeli wa mtandaoni anaanza na picha. Picha hizo si zake. Amezichukua kwenye ukurasa wa duka la kweli. Wafuasi nao mara nyingi si wake. Akaunti ya zamani iliyokuwa ya vichekesho au ya mpira hununuliwa, ikabadilishwa jina, na kesho yake ikawa duka la vyombo. Sehemu ya maoni imefungwa, ili aliyeumizwa asiweze kumwonya anayekuja. Bei haiko chini sana, maana bei ya kutupa humshtua mtu. Iko chini kwa kiasi cha kukufanya ujisifu kwamba umepata bahati. Kisha inakuja haraka: zimebaki mbili, ofa inaisha leo, kuna mteja mwingine anataka kulipa sasa hivi.

Ukiuliza duka liko wapi, unatajiwa mtaa unaoujua. Ukisema utamtuma ndugu yako akaangalie, unaambiwa wanahudumia wateja wa mikoani tu, au duka limehamia ghalani. Ukituma fedha, linatokea jina la mtu ambalo halifanani na jina la duka, nawe unaambiwa huyo ni mhasibu wao. Ukiomba uthibitisho, unatumiwa picha ya kitambulisho. Hapo wengi huishiwa wasiwasi. Lakini kitambulisho hicho chaweza kuwa cha mtu mwingine, aliyeombwa picha yake katika utapeli wa kabla ya huu. Ukishalipa, inaombwa fedha nyingine ndogo: ya kufungasha, ya bima, ya usafiri. Ukitoa na hiyo, itaombwa ya tatu. Siku utakaposita, utazuiwa.

Wauzaji waaminifu nao wanaumizwa kwa njia yao. Mteja wa uongo hutuma ujumbe uliotengenezwa kufanana na ule wa kampuni ya simu, unaosema fedha zimeingia. Kijana wa duka anasoma ujumbe, haangalii salio, anampakia bodaboda mzigo, na jioni hesabu hazikai sawa.

Siku za Amosi, mnunuzi aliweza angalau kumwona uso anayempunja. Aliweza kurudi kesho na kupiga kelele mbele ya watu. Leo uso haupo, na penye soko pamebaki simu iliyo mkononi mwa mtu mmoja, chumbani, usiku. Ndiyo maana utapeli wa namna hii unategemea upweke. Unafanyika kwa siri, na ukishafanyika unabaki siri, kwa sababu aliyeumia anaona haya.

Nani aliyetufundisha kuona haya?

Sisi wenyewe. Sikiliza tunavyozungumza. Mtu akitapeliwa tunasema amepigwa, amelizwa, kisha tunacheka. Tunasema mjini shule, kana kwamba aliyeibiwa amefeli mtihani na aliyeiba ndiye mwalimu. Ule ujumbe mfupi maarufu wa kukuomba ile pesa uitume kwenye namba nyingine umekuwa kichekesho cha taifa zima. Lakini nyuma ya kichekesho hicho wapo wazazi waliotuma ada ya mtoto kwa mtu wasiyemjua, kwa kuwa siku hiyohiyo walikuwa wakingoja ujumbe wa kweli kutoka kwa mtoto wao.

Kicheko hicho kina kazi yake. Kinamwambia aliyeumia anyamaze. Kinamwambia mwizi kwamba alichofanya ni akili. Na kila anayenyamaza anamwachia tapeli namba yake, ukurasa wake na wiki nyingine ya kazi.

Linganisha na Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na asubuhi ya baada ya arusi akakuta aliyepewa ni Lea. Kwa lugha ya leo, alilipa kamili akaletewa kitu tofauti na alichoahidiwa. Yakobo mwenyewe hakuwa msafi. Alishamdanganya baba yake Isaka ili apate baraka ya kaka yake. Angeweza kusema, "Nami nilifanya hivyo, ninyamaze." Hakunyamaza. Asubuhi ileile alimkabili Labani na kumuuliza kwa nini amemdanganya. Maandiko hayamcheki. Yanamwacha aulize, na yanatuacha sisi tuone aibu iko upande wa nani.

Wakili asiye mwaminifu na neno ujanja

Hapa mtu ataniambia, "Padri, mbona Injili ya leo inamsifu mjanja?" Ni swali zuri. Katika Luka 16, wakili anayekaribia kufukuzwa kazi anawaita wadeni wa bwana wake na kuwabadilishia hati. Aliyedaiwa vipimo 100 vya mafuta anaandika 50. Aliyedaiwa vipimo 100 vya ngano anaandika 80. Ni hati zilizochezewa, ndugu yangu, sawasawa na ile stakabadhi yangu ya basi. Na bwana wake anamsifu.

Lakini soma kwa makini kinachosifiwa. Yesu anamwita mtu huyo dhalimu, wala hafuti neno hilo. Kinachosifiwa ni kwamba aliona hatari inakuja akachukua hatua siku hiyohiyo, hakukaa akijifariji. Kisha Bwana anatoa lawama kwa upande wetu: wana wa ulimwengu huu wana busara katika mambo yao kuliko wana wa nuru. Tapeli anaamka asubuhi na mapema kufikiria jinsi ya kutupata. Sisi wana wa nuru tunafikiria nini juu ya jinsi ya kulindana? Yeye ana mtandao wa watu: wa picha, wa laini, wa kutoa fedha kwa wakala. Sisi tuna jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila wiki, na hatuambiani.

Na mara Bwana anaongeza fundisho la uaminifu katika lililo dogo. Kwa hiyo hawezi mtu kuutumia mfano huu kubariki wizi. Ujanja unaosifiwa ni wa kuona mapema na kutenda mapema. Kumla mwenzako si ujanja. Jina lake liko katika amri ya saba.

Wanaodaiwa ni wengi kuliko tunavyofikiri

Nilipokuwa seminari tulifundishwa swali moja la Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika Summa Theologiae, linalohusu kurudisha mali. Anauliza: je, anayepaswa kurudisha ni yule tu aliyechukua? Anajibu hapana, na anataja njia tisa za kuhusika. Yupo anayeamuru, anayeshauri, anayekubali, anayesifu, anayempa mwizi mahali pa kujificha na anayeshiriki. Kisha wapo watatu ambao mikono yao haikugusa kitu: anayenyamaza, asiyezuia na asiyetoa taarifa. Tomaso ana kiasi; hasemi wote wanadaiwa sawasawa. Hao watatu wa mwisho wanadaiwa pale tu walipokuwa na wajibu wa kusema au kuzuia. Tulikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba siku moja ningejikuta ndani yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyohivyo. Namba 2409 inaweka udanganyifu katika biashara chini ya amri ya saba. Namba 2412 inadai kwamba kilichochukuliwa kirudishwe kwa mwenyewe, na kwamba walioshiriki, hata kwa kusaidia au kupokea, wanadaiwa kwa kadiri ya kuhusika kwao.

Basi tuipitishe orodha hiyo mitaani kwetu. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA uanze mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe. Kwa hiyo tapeli anahitaji laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine. Anayempa ni nani? Mara nyingine ni bibi aliyebonyezeshwa kidole mara mbili na wakala wa mtaani asijue. Huyo ni mwathirika. Piga *106# kwenye simu yako uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na umsaidie mama yako mzazi afanye hivyo pia. Lakini mara nyingine ni kijana wetu aliyeuza laini yake kwa fedha ya chakula cha siku moja, akasema hayamhusu. Yanamhusu. Wakala anayemtolea fedha mtu anayemjua vizuri na kazi yake anaijua, naye yanamhusu. Mzazi anayepokea friji mpya kutoka kwa mwanawe asiye na kazi, akamsifu jirani zake wakisikia, anaitwa anayesifu. Mchumba anayekula naye anaitwa anayeshiriki.

Sisi viongozi wa Kanisa je? Kwenye harambee anasimama kijana wa miaka 25, anaahidi bati zote za paa, tunampigia makofi na kumkalisha mbele. Simshuku kila kijana mwenye fedha. Wapo wengi waliozipata kwa jasho, na wengine wanauza mtandaoni kwa uaminifu mkubwa. Ila padri anayejua, au aliyekataa kuuliza kwa sababu paa linahitajika, asijidanganye kwamba altare inasafisha kila kitu.

Kwako wewe uliyechukua

Najua safu hii inasomwa pia na watu waliowahi kula fedha za namna hiyo. Takwimu sihitaji; nakaa kwenye kiti cha kitubio, na hapo nakomea.

Ndugu yangu, dada yangu, nakuambia kwa upendo: kuungama bila nia ya kurudisha ni nusu ya njia. Zakayo alipomkaribisha Yesu, hakuishia kusema anasikitika. Katika Luka 19 anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyempunja anamrudishia mara nne. Ndipo Bwana anatangaza wokovu katika nyumba ile.

Usiseme huwajui uliowaibia. Namba zao zimo katika kumbukumbu ya miamala yako. Unaweza kurudisha bila kujitaja. Fedha hutumwa kwa njia ileile iliyokuja nayo. Ukishindwa zote, anza na kidogo kidogo. Ukishindwa kabisa kumpata mwenyewe, Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba mali hiyo iende kwa maskini, isibaki kwako. Lakini usiwape maskini au Kanisa fedha ya mtu ambaye namba yake unayo. Hiyo siyo sadaka; ni deni uliloliongezea ubani.

Na sisi tunaouza kwa kawaida tusijione tumepona. Tomaso huyohuyo anafundisha kwamba kasoro iliyofichika, ambayo mnunuzi hawezi kuiona na ambayo itamletea hasara, muuzaji anawajibika kuisema. Simu iliyowahi kuingia maji ukaiuza kama haijawahi kufunguliwa, pikipiki iliyopigwa rangi juu ya ufa, mchele uliochanganywa. Hayo ni makapi ya Amosi. Mnunuzi naye ana lake: kitabu cha Methali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu dukani, kisha akishaondoka nacho anajisifu. Na ukinunua simu kwa bei ambayo moyo wako unajua ni ya kitu cha wizi, wewe si mteja. Wewe ni mpokeaji.

Kusamehe na kushtaki

Waumini wengi huniuliza: "Baba, Mkristo aliyetapeliwa aende polisi, au asamehe?" Swali hilo nililitumia mimi mwenyewe kama blanketi. Nilijifunika nalo nikalala.

Afanye yote mawili. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya, na fedha zangu nina haki ya kuziachilia. Lakini fedha za yule atakayefuata baada yangu sina haki ya kuziachilia, si zangu. Ninapotoa taarifa, simlipizi kisasi aliyeniumiza. Ninasimama mlangoni ili asiingie kwa jirani. Hata kwake mwenyewe ni huruma, maana mtu asiyezuiwa anaendelea kuzama.

Kwa hiyo ukitapeliwa, fanya hivi bila kuchelewa. Kwanza piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo, maana fedha ambazo hazijatolewa kwa wakala zinaweza kuzuiliwa. Usifute chochote: hifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo, picha, namba na jina la ukurasa. Nenda kituo cha polisi, ufungue taarifa, upewe namba ya RB. Usikubali kuambiwa ni jambo dogo. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka saba, na ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambako TCRA wanapokea taarifa za namba za kitapeli. Na akitokea mtu akisema anaweza kukurudishia fedha zako ukimlipa kidogo kwanza, jua kwamba huyo ni tapeli wa pili.

Kabla ya kutapeliwa, kataa haraka. Chagua kulipa mzigo ukiuona. Mtume ndugu, au mwanajumuiya mwenye mtoto Dar es Salaam, akaone duka kwa macho. Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Jina la biashara linaweza kutafutwa BRELA. Picha ya kitambulisho chako usimtumie mtu usiyemjua.

Jambo moja la kuangalia: usikimbilie kusambaza sura ya mtu mtandaoni ukisema huyu ndiye tapeli. Sura hiyo yaweza kuwa ya mama aliyeibiwa kitambulisho chake. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia mwenzetu uongo, na hasira yetu haiisitishi. Sambaza namba na mbinu. Sura waachie wapelelezi.

Deni langu

Narudi kwa yule mama. Asubuhi ile, pale nje ya sakristia, nilimrudishia simu yake nikamwambia, "Mama, unaelewa vizuri. Risiti ni ya uongo. Najua kwa sababu mimi pia nimeibiwa na mtu huyohuyo, miezi mitatu iliyopita." Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Kumbe Baba ulijua?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo, hata siku ya mtihani wa mwisho seminari.

Tulikwenda kituoni pamoja. Tukatoa taarifa mbili, yake na yangu. Fedha hazikupatikana. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, niliwaeleza waumini kilichonipata: kiasi, namba na jinsi nilivyodanganya kwaya. Wengine walicheka mwanzoni, kisha kanisa likatulia. Baada ya Misa walinifuata watu saba, mmoja mmoja, kila mmoja na kisa chake ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu. Mwingine alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Tangu hapo jumuiya zetu zina utaratibu mdogo. Baada ya sala na kabla ya michango, kiongozi anauliza kama kuna aliyetapeliwa au aliyekaribia kutapeliwa wiki hiyo. Hakuna kucheka. Namba inasomwa, mbinu inaelezwa, basi. Dakika tano zinatosha. Nakusihi uupeleke utaratibu huo kwenye jumuiya yako wiki hii.

Deni la kikoba la yule mama tumeligawana, yeye na mimi. Alikataa mara mbili. Alisema Kanisa lisibebe mzigo wa ujinga wake. Nikamwambia kwamba hakuwa mjinga, na kwamba Kanisa halihusiki. Ni mimi ninayelipa, na simsaidii bali ninalipa ninachodaiwa. Mara ya tatu akakubali. Nguo za Komunyo alizishona kwa mashine ya kuazima, na zilikamilika Ijumaa usiku.

Nakutakia Dominika njema. Kama kuna jambo kama hilo ulilolifungia moyoni, leo kabla ya jua kuzama mwambie mtu mmoja.